Mbavu za jahazi zilizoibuka mchangani: zichimbuliwe au ziachwe?

Swali la msomaji: "Ndugu mtaalamu, mwezi uliopita tulipigwa na dhoruba ya siku tatu. Ilipotulia nilitembea ufukweni alfajiri, maji yametoka sana, nikakuta mbao nyeusi zimejipanga safu mbili mchangani kama mbavu za mnyama mkubwa. Nyingine zina vyuma vilivyoliwa na kutu. Wazee wanasema hawajawahi kuziona. Nilirudi baada ya wiki mbili, sikukuta kitu, mchanga mtupu. Mbao zinawezaje kukaa mchangani miaka mingi bila kuoza? Kwa nini zilijitokeza kisha zikapotea? Na kwa nini watu wa makumbusho hawazichimbui wakaziweka mahali salama kabla bahari haijazimaliza? Nilichukua kipande kimoja, kirefu kama mkono wangu, kiko nyumbani. Je, nimekosea?"

Ndugu msomaji,

Asante kwa maelezo yako, na hasa kwa kusema wazi habari ya kile kipande. Naanza nacho, maana mengine yote yanaweza kusubiri, hicho hakiwezi. Kama bado kina unyevu, yaani ukikibonyeza kwa kidole kinatoa maji, kitie leo hii ndani ya chombo chenye maji ya bahari, kizame chote, ukifunike na kukiweka penye kivuli na ubaridi. Usikianike. Usikipake mafuta wala vanishi, na usikisugue. Kama kimekwisha kauka kabisa, usikirudishe majini, kwa kuwa ubao wa namna hiyo ukiloweshwa tena huumia mara ya pili. Ufunge kwa kitambaa, ukae kivulini. Vyovyote iwavyo, andika siku uliyookota na mahali penyewe, kisha uwapelekee habari wanaosimamia mambo ya kale katika nchi yako. Ndiyo, umekosea, lakini ni kosa la mtu aliyeguswa na alichokiona, na sehemu yake bado inaweza kurekebishwa.

Utaelewa kwa nini nina haraka hivyo ukijua ulichoshika ni kitu gani. Ubao ni mkusanyiko wa mirija midogo isiyoonekana kwa macho. Kuta za mirija hiyo zina selulosi, ambayo ndiyo nguvu ya ubao, na lignini, ambayo huishikanisha. Ubao ukizikwa majini kwa miaka mia mbili au mia tatu, bakteria wachache wanaoweza kuishi bila hewa nyingi huila selulosi polepole. Lignini hubaki, na maji huingia mahali pa kilicholiwa. Kwa macho unaona ubao kamili, wenye alama za tezo, shoka dogo la fundi la kuchongea na matundu ya misumari. Ndani yake umekuwa kama sega la nyuki lililokondeshwa hadi likabaki utando, na maji ndiyo yanayolifanya lisimame. Maji yakitoka kwa kasi, kuta zinabanana, ubao unasinyaa, unapinda na kupasuka. Haurudi tena.

Nililiona hili kwa macho yangu nilipokuwa bado mwanagenzi. Tulifunua taruma moja, yaani ubavu wa chombo, la mti mgumu, zuri ajabu, tukalipima nusu, tukaenda kula mchana na kuliacha wazi juani. Tuliporudi lilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele kila upande, na jioni ukucha uliingia. Jua lilikuwa limelipata taruma lile kwa saa chache tu, baada ya karne mbili za giza na unyevu, na yale matundu ya vijiti vya kuungia tuliyokuwa hatujayapima hayakupimika tena. Tangu siku hiyo hakuna ubao wangu unaobaki bila gunia lililoloweshwa, hata kwa dakika kumi.

Sasa swali lako la kwanza: kwa nini haukuoza. Adui mkubwa wa mbao baharini ni kiumbe ambacho mabaharia hukiona kama mnyoo, ingawa kwa ukweli ni jamii ya chaza. Wataalamu humwita Teredo. Ana ganda dogo la pande mbili kichwani, analitumia kama tupa kukwangua ubao, na anachimba humo humo handaki lake la kuishi. Ubao uliozama na kubaki wazi kwenye maji ya chumvi yenye joto huweza kutobolewa hadi ukabaki kama sifongo kwa mwaka mmoja au miwili. Ndiyo maana mafundi wa majahazi tangu zamani walipaka vyombo vyao shahamu na chokaa, na wakavipandisha pwani kila mara kuvisafisha. Lakini kiumbe huyu anahitaji kuvuta hewa iliyomo majini. Ubao ukifunikwa na mchanga, anakufa kwa kukosa pumzi, na hakuna mwingine anayeweza kuingia.

Bila shaka umewahi kuchimba ufukweni kwa mkono ukaona mchanga wa juu ni mweupe au wa kahawia, kisha chini kidogo ukakutana na tabaka jeusi lenye harufu ya yai viza. Tabaka hilo ndilo ghala lenyewe. Pale oksijeni imekwisha. Weusi ni chuma na salfa zilizoungana, na harufu ni gesi ya salfa inayotolewa na bakteria wanaoishi pasipo hewa. Penye matope laini tabaka hilo liko sentimita chache tu chini. Penye mchanga wa chengachenga unaopigwa na mawimbi makali, ni lazima uende chini zaidi, maana kila wimbi husukuma maji yenye hewa katikati ya chembe za mchanga. Wanaofanya kazi ya kuzika upya mabaki ya vyombo hupendelea angalau nusu mita ya mchanga juu ya ubao. Mbao zako ni nyeusi kwa sababu hiyo hiyo: zimetoka katika tabaka jeusi, zimekaa humo muda mrefu, na rangi hiyo yenyewe ni dalili kwamba zilitunzwa vizuri.

Kuna pahali pengine ambapo ulinzi ulikuja kwa njia nyingine. Vasa, merikebu ya kivita ya Sweden, ilizama mwaka 1628 na ikainuliwa mwaka 1961 ikiwa karibu nzima, kwa kuwa maji ya Bahari ya Baltiki hayana chumvi ya kumtosha Teredo. Kwenye bahari zenye chumvi kamili hatuna bahati hiyo. Huko mchanga na matope ndivyo vinavyotuhifadhia vyombo, na kwa kawaida hutuhifadhia sehemu moja tu: tumbo la chini. Mlingoti, sitaha na kuta za juu hubaki nje ya mchanga na kuliwa. Mkuku (uti wa mgongo wa chombo), mataruma ya chini na mbao za sakafuni hubaki, kwa sababu vimekandamizwa na shehena au na farumi, yale mawe ya kukipa chombo uzito. Hizo "mbavu" ulizoziona ni ncha za mataruma, zimekatika pale pale ulipokuwa mpaka wa mchanga na maji. Chini yake, kama haijavunjwa na mawimbi siku ya ajali, huenda kuna sakafu nzima ya jahazi.

Merikebu ya Mary Rose inaonyesha mpaka huo vizuri kuliko maelezo yangu. Ilizama mwaka 1545 karibu na Portsmouth, Uingereza, ikalalia ubavu wa kulia. Ubavu ule uliozama kwenye matope ulinusurika na vitu vyake: pinde, viatu, vyombo vya tabibu. Ubavu wa kushoto uliobaki majini ulitoweka wote. Ukienda kuitazama leo unaona nusu ya merikebu, imekatwa kwa urefu kana kwamba kwa msumeno.

Lakini chombo kinaingiaje ndani ya mchanga? Watu wengi hudhani mchanga huja kukifunika kutoka juu, kama blanketi. Mara nyingi chombo chenyewe ndicho kinachoshuka. Simama ufukweni maji yakikufika kwenye vifundo vya miguu, uache mawimbi matatu au manne yarudi baharini. Utahisi mchanga unachotwa chini ya visigino vyako na wewe unadidimia. Jahazi lililokwama linafanyiwa hivyo hivyo usiku na mchana. Maji yanapolizunguka hukaza mwendo, yanachimba shimo pembeni, jahazi linainamia shimo lake, na mchanga unaosafiri na mkondo unakuja kujaza. Tena mawimbi makubwa yakipita juu ya mchanga uliojaa maji, hubonyeza na kuachia, na kwa muda mchanga huo huwa mlaini kama uji. Kitu kizito hushuka humo hadi kikute tabaka gumu. Amsterdam, merikebu ya kampuni ya Uholanzi ya biashara ya mashariki, ilipandishwa ufukweni karibu na Hastings, Uingereza, Januari 1749, ikiwa mpya, katika safari yake ya kwanza. Haikuvunjika, ilimezwa upesi na mchanga na tope, pamoja na sehemu kubwa ya shehena. Mpaka leo maji yakitoka sana wakati wa bamvua, ncha za mataruma yake huonekana, na sehemu kubwa ya mwili wake bado imo chini.

Tena pwani yenyewe huhama. Mchanga hutembea kandokando ya ufuo miaka nenda miaka rudi, ukipanua upande mmoja na kula upande mwingine. Meli ya Eduard Bohlen ilikwama katika ukungu kwenye pwani ya Namibia mwaka 1909, baharini. Leo imelala jangwani, mamia ya mita kutoka yanapoishia maji, na upepo unaizungushia matuta ya mchanga. Istanbul ilikwenda mbali zaidi: bandari ya kale ya Theodosius ilijaa tope la mto na mchanga wa dhoruba hadi ikawa bustani, kisha mtaa. Walipoanza kuchimba hapo kituo cha reli mwaka 2004, wanaakiolojia walikuta mabaki ya vyombo 37 vya enzi ya Bizanti. Na Thailand, mwaka 2013, jahazi la zaidi ya miaka elfu moja lilipatikana kwenye shamba la kufugia kamba wa baharini, ndani ya nchi kabisa. Jahazi hilo la Phanom Surin limenigusa kuliko mengi, kwa kuwa mbao zake zilishonwa kwa kamba, hakuna msumari. Ni ufundi ule ule wa mtepe, chombo cha kale cha kushonwa cha pwani ya Waswahili. Kamba za kushonea zilikuwa bado zimo kwenye matundu yake.

Kuibuka na kupotea kwa mbao zako kuna maelezo mepesi. Ufuo wa mchanga hupumua. Mawimbi marefu na ya utulivu husukuma mchanga kuja nchi kavu na kuurundika; mawimbi mafupi na makali ya dhoruba huuchota na kuupeleka nje kidogo, ambako hulala kama fungu chini ya maji. Dhoruba moja inaweza kuushusha ufuo mita moja, hata mbili. Wewe ulipita asubuhi ambayo bahari ilikuwa imechota, na uliporudi ilikuwa imeanza kurudisha. Kwa hiyo wazee wako wanaweza kuwa sahihi, maana dhoruba yenye nguvu ya kufika tabaka lile huenda haikutokea katika umri wao. Ila kuna jambo moja linalonitia wasiwasi, na ningependa ulichunguze. Je, karibu hapo kuna ukuta mpya wa kuzuia bahari, gati, au watu wanaochota mchanga wa kujengea? Au mto unaomwaga maji jirani umejengewa bwawa? Vitu hivi hukata riziki ya mchanga ya ufuo. Kama ndivyo, mbao hizo zitaibuka tena karibuni, na tena, na kila mara mchanga utakaorudi utakuwa pungufu.

Kila kuibuka kuna gharama. Merikebu ya Stirling Castle ilipotea katika dhoruba kuu ya mwaka 1703 kwenye mafungu ya Goodwin, kusini-mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1979 fungu lilisogea na wapiga mbizi wakaikuta imesimama chini ya bahari, mizinga na vifaa vyake vimo. Tangu hapo mchanga umekuwa ukiifunika na kuifunua, na kila inapofunuliwa inapoteza kitu. Katika maji ya Texel, Uholanzi, mchanga uliposogea namna hiyo wapiga mbizi walipata mwaka 2014 gauni la hariri la karne ya 17, lenye mikunjo yake. Hariri! Kitambaa ambacho kabatini kwa mtu kingekuwa vumbi. Natamani kila anayeuliza "mchanga unaweza kuhifadhi nini?" alione gauni hilo. Lakini lingebaki wazi majini kwa msimu mmoja, asingeliona mtu.

Hapo ndipo swali lako zito linapokuja: kwa nini basi hatuchimbui yote tukayaweka salama? Nalielewa swali hili, nami nililiuliza kwa hasira miaka yangu ya mwanzo. Jibu ni kwamba kukitoa chombo mchangani ni kuanza kazi ambayo huenda wewe uliyeianza hutaiona ikiisha. Vasa ilipoinuliwa, ilinyunyiziwa polietilini glikoli, aina ya nta inayoyeyuka majini, kwa miaka 17 mfululizo, ili nta ichukue nafasi ya maji ndani ya mirija ile niliyoieleza. Mary Rose iliinuliwa mwaka 1982, na mabomba ya kuinyunyizia hayakufungwa hadi 2013. Chombo cha Bremen, Ujerumani, kilichojengwa yapata 1380 na kupatikana mtoni mwaka 1962, kazi yake ya kukihifadhi ilimalizika 1999. Katika muda wote huo lazima kuwe na jengo, umeme, mafundi na fedha, bila kukatika hata mwaka mmoja. Nchi tajiri zenyewe huchagua chombo kimoja katika mamia.

Na hata nta ikishaingia, mambo hayajaisha. Unakumbuka ile harufu ya yai viza? Salfa ile hupenya kwenye ubao karne zote hizo na kutulia humo. Ubao ukitolewa hewani, salfa hukutana na oksijeni, na chuma cha misumari iliyooza huharakisha jambo hilo, ikawa asidi ya salfuriki. Mwaka 2000, baada ya kiangazi cha mvua nyingi, watunzaji wa Vasa waliona madoa meupe na ya manjano yakichipuka juu ya mbao. Ilikadiriwa kuwa zina karibu tani 2 za salfa ndani yake. Merikebu iliyokaa salama gizani miaka 333 ilikuwa inajila yenyewe ndani ya makumbusho. Wanaendelea kuishughulikia hadi leo. Kwa hiyo tunaposema "mahali salama", kwa mbao nyingi mahali hapo ni pale pale zilipo, mradi mchanga uwepo.

Sisemi kuchimba ni vibaya daima. Zipo hali ambapo kuacha ndiyo kosa. Mwaka 2008, karibu na Oranjemund huko Namibia, kampuni ya almasi ilikuwa imejenga kuta za mchanga kuizuia bahari ili ichimbe chini ya usawa wake. Mtaalamu wa miamba akakuta vipande vya shaba vyenye umbo la nusu tufe. Vilikuwa mikuo, yaani vipande vya shaba iliyoyeyushwa na kumiminwa, kutoka katika merikebu ya Kireno, inayoaminika kuwa Bom Jesus, iliyoondoka Lisbon mwaka 1533 kuelekea India. Ilikuwa na zaidi ya sarafu 2,000 za dhahabu na zaidi ya pembe 100 za ndovu. Huwezi kuliacha jambo kama hilo: ukuta ungeachiwa, bahari ingerudi na kusaga kila kitu. Walichimba, na walikuwa sahihi. Watu wengi husimulia dhahabu tu. Mimi naona pembe ndizo hazina yenyewe. Zilipopimwa vinasaba, zilionyesha kuwa zilitoka kwa ndovu wa msituni wa Afrika Magharibi, wa makundi 17 tofauti. Hakuna kitabu cha hesabu cha mfanyabiashara yeyote kilichobaki kutuambia hilo. Ule uzito wa shaba ulizikandamiza chini, na shaba ikiyeyuka kidogo kidogo ni sumu kwa viumbe waharibifu, ndiyo maana zilidumu.

La Belle, chombo cha mvumbuzi Mfaransa La Salle kilichozama Texas mwaka 1686, ni mfano mwingine. Walijenga ukuta wa chuma kukizunguka kisha wakavuta maji yote, wakachimba katika 1996 na 1997 wakiwa wamesimama pakavu katikati ya ghuba. Jimbo zima lilikuwa nyuma ya kazi hiyo, na maabara ilikuwa tayari inangoja. Linganisha na Mombasa: merikebu ya Santo António de Tanná ilizama mwaka 1697 chini ya Ngome ya Yesu, wakati Waomani wameizingira. Ilichimbwa kuanzia 1977 hadi 1980. Vitu vyake vikatolewa na kuhifadhiwa, mwili ukapimwa na kuchorwa ubao kwa ubao, kisha ukaachwa chini ukafunikwa. Watu wengine waliona ni kazi iliyokatishwa. Kwangu ule ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote, maana walichukua maarifa na wakamwachia mchanga ubao.

Pale ambapo mchanga unakimbia, kuna njia za kuurudisha. Huwekwa magunia ya mchanga, vitambaa vizito vya plastiki vinavyopitisha maji, au nyavu zinazopunguza kasi ya mkondo ili chembe zidondoke. Nchini Australia, mabaki ya William Salthouse, iliyozama mwaka 1841, yalipandwa "majani" bandia ya bahari. Mkondo ukipita juu ya majani hayo unalegea, na mchanga unajijaza wenyewe.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi, kwa kuwa kila nchi ina yake. Uingereza, ukiokota kitu cha chombo kilichozama una siku 28 za kutoa taarifa. Afrika Kusini, mabaki yaliyozidi miaka 60 yanalindwa. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001, ulioanza kufanya kazi 2009, unahusu vitu vilivyokaa majini angalau miaka 100, na unahesabu pia vile ambavyo maji huvifunika na kuviacha, kama vyako. Unaagiza kwamba kuviacha mahali pake lifikiriwe kwanza, na unakataza kuvifanya biashara. Kama nchi yako haijatia saini, karibu kila mara ipo sheria ya mambo ya kale inayosema jambo linalofanana. Kipande chako basi huenda si chako kisheria, lakini mtu anayejitokeza mwenyewe na kukirudisha, kwa uzoefu wangu, hupokewa kwa shukrani.

Nije kwenye umri, maana najua unataka kujua ni chombo cha lini. Bila picha siwezi kukuambia, lakini unaweza kuanza kusoma mwenyewe. Tazama kwanza jinsi mbao zilivyoungwa. Vijiti vinene vya mbao vilivyopigiliwa katika matundu vilitumika karne nyingi, kwa hiyo peke yake havitoshi. Misumari ya kufuliwa ina pande nne na kichwa kisicho sawa. Ya kiwandani, ya mviringo na inayofanana yote, ni ya karne ya 19 kwenda mbele. Ukiona mabati membamba ya shaba kwenye mbao za nje, jua kwamba jeshi la majini la Uingereza lilianza kuyajaribu mwaka 1761, na meli za biashara zikafuata baadaye. Kama bati lina rangi ya manjano zaidi, huenda ni mchanganyiko wa shaba na zinki uliopewa hataza mwaka 1832, basi chombo hakiwezi kutangulia hapo. Tazama pia uso wa ubao. Alama za tezo ni kama magamba ya samaki; msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka yenye mwinamo usiolingana; msumeno wa duara wa mashine huacha mistari iliyopinda kama upinde. Na kama hakuna chuma wala kijiti, ila matundu madogo mawili mawili kandokando ya ukingo wa ubao, tafadhali nipigie siku hiyo hiyo. Huo utakuwa ushonaji.

Uhakika mkubwa hutoka kwenye pete za ukuaji wa mti. Zikilinganishwa na orodha za miti ya eneo fulani, hutaja mwaka mti ulipokatwa, na wakati mwingine msitu wenyewe. Kwenye uwanja wa World Trade Center, New York, ambako mbao za chombo zilikutwa chini ya vifusi mwaka 2010, pete zilionyesha mwaloni uliokatwa yapata 1773 karibu na Philadelphia. Njia hiyo inahitaji kipande chenye pete nyingi, kilichokatwa na mtu anayejua mahali pa kukata. Bado, kipande chako kikiwa kizima, kinaweza kusaidia kujua aina ya mti, na hilo pekee linaweza kupunguza nusu ya bahari tunayoitafuta.

Usijaribu kutafuta kilichozikwa kwa koleo. Shimo kwenye mchanga wenye maji huporomoka bila onyo na limekwisha fukia watu, na koleo hilo hilo huingiza hewa kwenye tabaka jeusi. Wenye kazi hiyo hutumia magnetomita, inayohisi chuma hata mita kadhaa chini. Rada ya ardhini hufanya kazi kwenye matuta makavu, lakini maji ya chumvi huizima. Chini ya bahari hutumiwa sauti, inayopenya mchanga na kurudi na sura ya kilichomo.

Wewe una kitu ambacho vifaa hivyo havina: uko hapo. Maji yakitoka sana kwenye bamvua ijayo, na zaidi baada ya dhoruba nyingine, nenda na simu, utepe wa kupimia na mtu mwingine. Washa mahali ulipo kwenye simu na uandike namba zake. Piga picha ukiwa mbali, jengo au mti usiohama uonekane nyuma, kisha karibu, ukiweka utepe kando ya ubao. Pima nafasi kati ya taruma na taruma, unene wa kila moja, na urefu wa safu nzima. Tazama upande gani wa dira safu inaelekea. Usivute kitu, usichimbe hata kidogo ili "kuona zaidi". Mahali penyewe usipatangaze mitandaoni. Watafuta vyuma chakavu husoma pia.

Hata kama mbao hazitaonekana, pima kitu kimoja: urefu wa mchanga kwenye nguzo, mwamba au ngazi yoyote iliyo karibu. Weka alama, urudi kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja tutajua kama ufuo wako unapumua tu au unakonda, na kwa hesabu hiyo ndipo wanaohusika wataamua kama magunia ya mchanga yanahitajika. Zile picha za siku ya kwanza, hata zikiwa na ukungu, nitumie zote. Nitaanza na vile vyuma vilivyoliwa na kutu.